Sarafu ya kale ni ya mwenye kuijua?



Kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliwaita wananchi wapeleke benki noti zao za zamani, zile zilizotolewa tangu 1985 hadi 2003, ili wabadilishiwe. Muda ule ulipokwisha, noti hizo hazikuwa tena fedha halali ya kununulia hata kiberiti. Lakini hazikuwa takataka. Wapo watu ambao ndipo kwanza walipoanza kuzitafuta kwa bidii. Hao ni wakusanyaji, watu wanaoweka noti, sarafu na stempu za zamani kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa au kucheza bao.

Burudani hii ni njema. Humfundisha mtu historia, jiografia na hesabu bila ya kumchapa fimbo. Hata hivyo, ndani yake limo swali la haki ambalo leo nataka tulitazame kwa makini. Swali lenyewe ni hili: mtu anayejua thamani ya kitu kilicho mkononi mwa mwenzake asiyejua, je, anawajibika kumwambia? Na wale wenye ujuzi, je, ujuzi huo ni mali yao binafsi wa kuufungia sandukuni pamoja na sarafu zao?

Wakazi wa Mchikichini wanalielewa swali hili, ingawa wao wamelizoea katika nguo. Katika soko la mitumba pale Karume, mfanyabiashara hununua robota likiwa limefungwa. Akilifungua, wateja wenye macho huwa wamekwisha kusogea. Zipo shati mbili zinazofanana kwa mbali. Mmoja anashika kitambaa, anatazama mshono, anachukua moja na kulipa bei ileile ya pamoja. Kesho utaikuta shati ile Kariakoo ikiuzwa mara tano. Hakuna anayemlaumu. Mjini shule, wanasema. Muuzaji naye yumo katika biashara hiyohiyo, anafungua robota kila juma, na asilolijua leo atalijua kesho.

Tatizo la sarafu ni kwamba mara nyingi muuzaji si mfanyabiashara. Ni mtu anayeuza mara moja tu katika maisha yake, kitu alichoachiwa na marehemu.

Tuseme yupo mama mmoja mjane, mumewe alifanya kazi reli miaka mingi. Chini ya kitanda limebaki kopo la maziwa limejaa sarafu. Anakuja kijana nadhifu, mwenye kujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, visarafu hivi havitumiki siku hizi. Lakini nitakupa elfu tano ya sukari, nikawape watoto wachezee."

"Haya baba, chukua. Vilikuwa vinanijazia nafasi tu."

Kijana huyu hakuiba. Tena neno lake la kwanza ni kweli tupu, maana sarafu zile hazitumiki. Lakini la watoto ni uongo, na ukweli aliouficha ni mkubwa kuliko ule alioutoa. Mama yule hakupata nafasi ya kukubali wala kukataa, kwa kuwa hakujua anaulizwa nini.

Hapa ndipo wakusanyaji waungwana wanapoweka mpaka. Mnunuzi anayejua amwambie muuzaji asiyejua kitu chake ni nini, kwanza. Bei izungumzwe baadaye. Wala simaanishi kwamba mnunuzi alipe bei yote iliyoandikwa katika orodha za kimataifa. Bei ile kwa kawaida ni ya mwenye duka anapouza, naye ana kodi yake, ana safari zake, na sarafu inaweza kulala kabatini mwake miaka mitatu bila mteja. Muuzaji akielezwa hayo akakubali robo tatu, au hata nusu, amekubali kwa macho yake mwenyewe. Biashara haigombi. Kinachogomba ni mtu kununua kwa giza.

Sasa tuingie ndani ya kopo lile, maana bila mifano mambo haya hubaki mahubiri.

Watu wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa kongwe basi ni ghali. Sivyo. Thamani yake hutegemea madini yake, idadi zilizotengenezwa, hali yake, na watu wangapi wanaitafuta. Umri peke yake hausemi kitu.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake za pesa na rupia. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadili hesabu, rupia ikagawanywa katika heller 100, na kutokana na neno hilo tukapata neno letu la hela. Rupia ile ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya India, na sehemu yake kubwa ni madini ya fedha. Katika sarafu nyingi za tangu 1904 utaona herufi ndogo. A ni kiwanda cha Berlin, na J ni cha Hamburg.

Lakini ipo herufi ya tatu, T, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. T ni Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, meli za Waingereza ziliziba bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziji. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Walitengeneza heller 5 na heller 20 kwa shaba, nyekundu na ya manjano, vipande vingine vikiwa vibaya kweli kwa umbo. Kisha wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakatengeneza rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198 tu kabla ya Wabelgiji kuuteka mji huo Septemba 1916.

Zingatia, msikilizaji. Mji ni mmoja, karakana ni moja, mwaka ni mmoja, na herufi ni ileile T. Heller 20 ilitolewa kwa wingi sana, na mpaka leo si adimu. Ile ya tembo ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa mno katika Afrika nzima. Tena hata hiyo ya tembo iko ya namna mbili, na tofauti yao ni pale urembo wa pembeni unapoishia chini ya herufi za neno la Kijerumani la Afrika Mashariki. Mtu asiyeambiwa atajuaje? Hawezi kukisia. Ni lazima aonyeshwe na mwenye kujua.

Ujuzi unaofichwa haumwumizi muuzaji peke yake, bali hata mnunuzi. Chukua reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Unguja na pwani yote. Imeandikwa mwaka 1780. Mtu akiisoma anaruka: nina kitu cha zaidi ya miaka 200! Kumbe Maria Theresa alifariki mwaka huo 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini sura ile, viwanda viliendelea kuitengeneza kwa tarehe ileile hadi karne ya 20, Vienna, na baadaye hata London na Bombay. Reale yenye tarehe 1780 inaweza kuwa na umri wa babu yako tu. Ina thamani ya fedha yake, karibu gramu 28 kwa uzito wote, lakini anayeuziwa kama hazina ya karne ya 18 ameliwa.

Na liko balaa kubwa kuliko hilo. Mara kwa mara huvuma habari kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, au kwamba yupo tajiri wa nje anayeinunua kwa mamilioni. Kijana hukopa, huuza kiwanja, hutoa fedha ya kile kinachoitwa kupima, kisha tajiri haonekani. Utapeli huu unastawi kwa sababu moja kubwa: wanaojua wamekaa kimya. Laiti kila mkusanyaji angesema hadharani kwamba rupia ya kawaida ni kipande cha fedha kisichotimiza hata gramu 12, kisicho na muujiza wowote, na kwamba mnunuzi wa kweli hakudai ada ya kupima, matapeli wangekosa mteja.

Yapo pia mambo madogo ambayo kuyaficha ni uchoyo mtupu. La kwanza, usiisugue sarafu ya kale kwa mchanga, ndimu au dawa ya kung'arishia shaba. Inang'aa, ndiyo, lakini mkusanyaji anaiona kama imechunwa ngozi, na thamani hushuka. La pili, pima uzito kwa mizani ndogo ya sonara kabla ya kulipa. Zipo nakala za bandia za tembo wa Tabora. Sumaku itazinasa zile za chuma, lakini haitazinasa za shaba. Mizani ndiyo itakayosema, kwa kuwa ile ya kweli ina gramu 7 na ushei. Ujuzi huu haupungui ukigawanywa. Ukimpa jirani nusu ya mkate, wewe unabaki na nusu. Ukimfundisha kupima sarafu, nyote wawili mnabaki na mkate mzima, na tapeli ndiye anayelala na njaa.

Mpaka hapa tumezungumzia bei. Lakini iko sehemu ya ujuzi ambayo ni ya thamani kuliko bei, nayo ni jibu la swali hili: sarafu hii imetoka wapi?

Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba tangu karne nyingi kabla ya Wareno. Zina majina ya masultani hao kwa Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yana vina na maneno ya upande wa pili, kama ushairi. Mmoja wa masultani hao ni Ali bin al-Hasan. Lakini sarafu zile hazina mwaka, na kwa muda mrefu wanahistoria walibishana aliishi lini.

Mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuwa na Mark Horton walikuta hazina Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Ilikuwa na sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii, akiwamo Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi nyingine za Kiislamu. Dinari zile zilikuwa na tarehe, na ya mwisho ilikuwa ya karne ya 11. Kwa kuwa vyote vilikutwa pamoja, dhahabu iliyojulikana umri wake ikaitolea ushahidi fedha isiyojulikana. Jambo lililosumbua vichwa miaka mingi likapata mwanga.

Sasa fikiri, hazina ile ingekutwa na mtu mwenye haraka. Dhahabu angempelekea sonara, fedha angemwuzia mpita njia, na shimo angelifukia. Sarafu zingekuwapo, lakini zingekuwa bubu.

Mfano mwingine unatoka mbali, Australia. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Aliziweka ndani ya kopo. Mwaka 1979 alizipeleka zitambuliwe, ikaonekana nne ni za Kiholanzi na tano ni za Kilwa. Sarafu zetu, maelfu ya maili kuvuka bahari! Zilifikaje kule, wataalamu hawajakubaliana hadi leo. Lakini Isenberg alikuwa na ramani aliyoitia alama ya X mahali alipoziokota, na kwa ramani hiyo watafiti waliweza kwenda kutazama mwaka 2013. Bila ya X ile, zingebaki hadithi ya kopo tu.

Kwa hiyo mkusanyaji mwema huuliza na kuandika: imetoka kwa nani, kijiji gani, ilikuwa pamoja na nini. Anapoiuza au kuigawa, maandishi hayo huenda pamoja na sarafu. Na akikutana na sarafu ya kale iliyotoka ardhini, akumbuke kwamba Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayovilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuchimba ili kuvitafuta bila kibali hakuruhusiwi, aliyevikuta anatakiwa kutoa taarifa, na havipelekwi nje ya nchi bila kibali. Vitu hivyo si vya kuoneana werevu sokoni. Ni vyetu sote.

Hapa pana deni la zamani ambalo halijalipwa vizuri. Sarafu nyingi za Kilwa ziliokotwa na wenyeji. John Walker wa Makumbusho ya Uingereza alichapisha uchunguzi wake juu ya sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936, na mwaka huohuo hapa kwetu lilianza jarida la Tanganyika Notes and Records, ambamo maofisa na wapenzi wa historia waliandika waliyoyaona. Kazi zile ni za maana na tunazitumia hata sasa. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza. Walioinama kuziokota sarafu hizo hawakuweza kusoma zilisema nini, na mara nyingi majina yao hayakutajwa. Hata leo orodha kubwa za sarafu za dunia, ambazo namba zake hutumiwa na wakusanyaji wote, ni za lugha za kigeni na bei yake si ya mtu wa kawaida. Haki inadai ujuzi urudi kule ulikotoka. Mwenye kitabu amsomee asiyenacho, kwa Kiswahili. Na aliyeelekezwa jambo na mwenzake amtaje. Asijifanye amelizaa yeye.

Je, haki maana yake ni kusema kila kitu kwa kila mtu? Hapana. Nyumba ya mwenzako yenye sarafu za dhahabu haitangazwi gengeni. Mahali penye magofu au makaburi ya kale pasipo na mlinzi hapaelezwi kwa kila apitaye na jembe. Taarifa yake iende Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Na siri uliyokabidhiwa na mwenyewe si yako ya kuigawa. Kipimo ni rahisi. Jiulize, nikinyamaza, nani anaumia? Ukinyamaza juu ya anwani ya mtu, hakuna anayeumia ila mwizi. Ukinyamaza juu ya thamani ya kopo la mjane, anaumia mjane.

Na wanafunzi nao wana wajibu. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza swali lilelile kila siku bila kuandika jibu ni kumchosha mwalimu. Wapo wanaokuja na sarafu hamsini, wathaminiwe zote bure, kisha waende kuziuza kwingine bila hata ahsante. Anayefundishwa bure leo awe tayari kumfundisha bure anayekuja kesho. Hiyo ndiyo ada yake.

Msikilizaji, Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Januari 2022 soko la Karume, Mchikichini, nalo likateketea usiku. Waliopoteza bidhaa pale wanajua usemi wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu za mkusanyaji zinaweza kuungua au kuibwa. Kilichoandikwa na kufundishwa kwa wengi hakiungui chote kwa moto mmoja. Mwenye kujificha na ujuzi wake anadhani anaulinda, kumbe siku atakayozikwa, nao utazikwa.

Basi nani mwenye sarafu ya kale? Mwenye kuijua ana nafasi yake, lakini haki ya kwanza ni ya yule iliyoko mkononi mwake, aijue kabla hajaitoa. Kama una kopo la babu nyumbani, usikimbilie kuuza. Usilisugue. Andika ulichoambiwa na wazee juu yake wakiwa bado hai, kisha uliza kwa zaidi ya mtu mmoja. Na kama wewe ndiye unayeulizwa, jibu.